Mzee Aliyejisahaulisha

"Kwanza alimuulizia mkewe," alisema Merle Haugen, meneja wa benki. "Akasema, 'Milka yuko wapi, mbona hajaniletea miwani?' Bi Koskela, Milka tulimzika. Jeneza nililishika mimi mwenyewe."

"Halafu?"

"Halafu karani akamwomba ataje tarehe ya leo. Akataja mwaka wa sitini na moja, wa karne iliyopita. Na wakati wa kuagana akamwita karani Agnes. Hapa hatuna Agnes. Hatujawahi kuwa naye."

Ardis Koskela alikuwa amekaa bila kuvua koti. Miaka kumi na moja alikuwa askari wa kaunti, na sasa kazi yake ilikuwa kupeleleza kesi za wazee wanaonyang'anywa mali. Kisa cha namna hii alikuwa amekisikia mara nyingi. Lakini kuna kitu katika maneno ya meneja kilichomkwaruza sikio, kama wimbo unaoujua na hukumbuki uliusikia wapi.

"Mkazuia."

"Tukazuia. Sheria inaturuhusu. Tukishuku kwamba mzee ananyonywa, tunasimamisha fedha na kukuita wewe. Kabla ya sheria hii ningekaa hapahapa nikimtazama anavyomaliza jasho la maisha yake." Haugen alishusha pumzi. "Muda wa zuio unakwisha Ijumaa. Ukiniambia ana akili zake na anajua anachofanya, nafungua. Ukiniambia hana, jaji anaongeza muda."

"Fedha zilikuwa zinakwenda wapi?"

"Kampuni moja ya mji wa Duluth. Siijui. Na si kidogo, ni zote."

"Nani alimleta?"

"Humu ndani aliingia peke yake. Lakini nje kulikuwa na pikapu ya kijivu, injini haikuzimwa. Vioo vilikuwa vimejaa ukungu, dereva sikumwona. Nilichoona ni mbwa tu, amebandika pua kwenye kioo. Mkubwa, mweusi, ana ukanda wa rangi ya chungwa shingoni kama mbwa wa wawindaji."

"Mwanawe anasemaje?"

"Duane? Alinipigia simu asubuhi, amewaka. Anasema ni Renae Skalko, yule anayempikia baba yake. Unamkumbuka, yule wa hundi ya wizi. Anasema hata koti la manyoya la marehemu mama yake linatembea mjini na Renae."

Ardis alisimama. "Usifungue wala usimwambie mtu chochote."

"Hata Duane?"

"Duane hasa."

*

Mkahawa anakofanya kazi Renae Skalko ulikuwa hatua chache kutoka benki. Wateja wa mchana walikuwa wameondoka. Renae, mwanamke mwembamba wa miaka arobaini na kitu, alikuwa anafuta meza. Nyuma yake, msumarini, lilining'inia koti la manyoya la zamani, lenye vifungo vya pembe.

"Koti zuri," alisema Ardis.

Renae hakugeuka. "Ndilo lililokuleta? Mji huu hata sahani ikivunjika, wa kwanza kukumbukwa ni mimi."

"Ulilipataje?"

"Zipu ya koti langu ilikufa. Mzee Ludvik akasema chukua hili, nondo wanalitafuna bure. Kamuulize."

"Nitamuuliza. Siku aliyokwenda benki ulikuwa wapi?"

"Hapa, tangu kufungua mpaka kufunga. Muulize bosi, yuko jikoni anakusikiliza sasa hivi. Isitoshe, ningempeleka na nini? Mgongoni? Gari langu liliuzwa nilipokuwa jela. Kwa mzee naenda kwa miguu, sufuria ya supu nimeizungushia taulo isipoe."

"Yeye mwenyewe ana gari."

"Alikuwa nalo. Duane alichukua funguo tangu majani yalipoanza kupukutika. Kabla ya hapo mzee alikuwa hapa kila asubuhi, meza ile ya dirishani, anawafunga watu karata mpaka wanamkimbia."

"Benki wanasema hajui huu ni mwaka gani."

Renae alicheka kwa sauti, kicheko kisicho na furaha. "Nani, Ludvik? Juzi kanikumbusha kwamba supu ya Alhamisi ya wiki iliyopita niliizidisha chumvi. Anakumbuka nani alivunja mgomo wa mgodi wakati mimi sijazaliwa, na mpaka leo yeye hawasalimii wajukuu wa mtu huyo." Alikamua kitambaa kwenye ndoo. "Sikiliza, Bi Koskela. Mimi niliiba hundi, nikafungwa, nikatoka. Hilo liandike hata kwa wino mwekundu. Lakini wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako."

"Nguo ipi?"

"Wewe ndiye mpelelezi."

Ardis alipitia jikoni. Bosi, mikono imejaa unga, alithibitisha kabla hajaulizwa: Renae hakutoka mkahawani siku ile hata kwenda kuvuta sigara.

*

Nyumba ya Ludvik Zgonc ilikuwa mwisho wa barabara, chini ya kilima chekundu cha taka za mgodi. Uani ilisimama pikapu ya kijivu. Ndani ya pikapu mbwa mweusi alibandika pua kwenye kioo na kuacha duara la ukungu. Ukanda wake ulikuwa wa rangi ya chungwa.

Mwanamume mkubwa, ndevu zimeganda barafu, aliacha kuchota theluji akaegemea sepeto lake.

"Wewe ndiye wa kaunti."

"Ardis Koskela. Wewe ni Duane. Mbwa wako mzuri, anaitwaje?"

"Medo."

"Huwa anapenda kupanda gari?"

"Huyu? Siwezi kwenda hata dukani bila yeye. Nikimwacha analia kama mtoto mchanga." Duane alitabasamu kidogo, kisha uso ukarudi ulivyokuwa. "Umemwona Renae?"

"Nimetoka kwake."

"Na koti umeliona?"

"Nimeliona."

"Basi. Mwizi ni mwizi. Baba yangu akili zimekwenda, na yeye ameona mlango wazi. Lakini nashukuru, sheria yenu imefanya kazi. Nimeshamwona wakili. Benki wameandika wenyewe kwamba mzee hajui mwaka wala hajui mkewe amekufa. Wakili anasema kwa ushahidi huo jaji atanifanya msimamizi wa mali yake bila hata kutoka jasho."

"Na ukiwa msimamizi, fedha zitakuwa mikononi mwako."

"Zitakuwa salama," alisema Duane.

"Kampuni ya Duluth unaijua?"

Duane alitia sepeto kwenye theluji. "Sijawahi kuisikia."

"Nitazungumza na mzee. Peke yake."

"Hawezi kuzungumza peke yake. Anachanganyikiwa."

"Ndiyo utaratibu, Duane. Ukikataa narudi na askari. Uamuzi ni wako."

Duane alimtazama, kisha akatazama kilima. Akarudi kwenye theluji yake, akawa anachota palepale chini ya dirisha la jikoni.

Ludvik Zgonc alikuwa ameketi karibu na jiko la kuni, mikono mapajani. Miaka thelathini na nane aliendesha mashine kubwa ya kuchimbia mgodini, na mabega yake bado yalikuwa ya kazi ile, ingawa shati lilikuwa limeanza kumpwaya. Ardis alipojitambulisha, alimkodolea macho.

"Milka ametoka kidogo," alisema. "Atarudi na maziwa."

"Sawa, mzee. Tumsubiri basi." Ardis aliona mezani pakiti ya karata na ubao mrefu wenye matundu na vijiti, ule wanaotumia watu wa machimboni kuhesabia alama. "Naweza kugawa?"

Mzee aliinua mabega kama mtu asiyejali. Ardis akagawa. Ludvik alizichukua karata zake kwa vidole vinavyotetemeka, akazishika ovyo, nyingine kichwa chini. Alitupa bila kufikiri. Mara mbili aliuliza nani anayecheza. Nje, sepeto la Duane lilikwaruza na kunyamaza, likakwaruza na kunyamaza.

Ardis alilaza karata zake mezani. Katikati yake kulikuwa na saba moja na nane mbili. "Saba na nane, kumi na tano," alisema. "Alama mbili. Na nane mbili ni jozi, mbili nyingine. Nne kwa jumla." Akasogeza kijiti chake.

Akaanza kukusanya karata taratibu, kama mwenye siku nzima.

"Ngoja," alisema Ludvik.

"Nini, mzee?"

"Saba ile ina nane mbili. Wewe umehesabu moja. Kumi na tano ya pili umeiacha." Mkono wake haukutetemeka hata kidogo alipochukua kijiti chake na kukisogeza. "Ukiacha alama mezani, mwenzako anazichukua. Ndiyo sheria ya mchezo."

Sepeto lilikwaruza. Mzee alibaki ameshika kijiti, akakiangalia, kisha akamwangalia Ardis. Polepole rangi ilimpanda mashavuni.

"Umenitega," alisema kwa sauti ya chini.

"Nimekutega. Samahani." Ardis alisogeza kiti karibu. "Mwezi wa kumi nilikuja kuzungumza na wazee kwenye ukumbi wa chini wa kanisa. Mlikula mikate ya nyama na viazi. Niliwaeleza dalili zinazowafanya watu wa benki wasite: mtu kumuulizia marehemu kama yu hai, mtu kusahau mwaka, mtu kumwita karani kwa jina lisilo lake. Leo meneja alinieleza ulichofanya, nikawa najiuliza maneno haya nimeyasikia wapi. Nimeyasikia kinywani mwangu. Na umeyafuata moja baada ya jingine, kwa mpangilio uleule."

Ludvik alitazama dirishani. Kofia ya mwanawe ilionekana ikipanda na kushuka nyuma ya kioo.

"Hilo jina la Agnes nililichagua mwenyewe," alisema mwishowe. "Alikuwa ng'ombe wa mama yangu."

Ardis hakuweza kujizuia, alicheka. Mzee naye alitabasamu, kisha tabasamu likafa.

"Koti la Milka ulimpa Renae?"

"Nilimpa. Anakuja hapa akitetemeka kama kifaranga, niliache linyauke kabatini?"

"Na aliyekupeleka benki?"

Ludvik alisogeza kijiti ubaoni, akakirudisha.

"Mbwa wake alionekana, mzee."

"Duane alibaki garini," alisema Ludvik. "Alisema, 'Ingia, baba, waambie wazitume zote.' Kampuni ni yake na shemeji yake. Pikipiki za theluji za kukodisha. Wamenunua thelathini kwa mkopo, na theluji yenyewe siku hizi inakuja kama mgeni, haikai."

"Ungemwambia hapana."

"Wewe una mjukuu?"

"Sina."

"Basi hujui. Maren ana miaka tisa. Kila Jumapili Duane anamleta, nampikia, namfundisha karata. Ni mwendo wa maili sitini. Duane akaniambia, 'Baba, usiponisaidia, sioni kwa nini niendelee kuchoma mafuta kuja huku.' Hakufoka, angefoka ningejua la kufanya. Alisema kama mtu anayetaja hali ya hewa." Alipangusa mdomo kwa kiganja. "Nikafikiri hivi: benki ikikataa, benki ndiyo mbaya. Mimi nabaki baba."

Nje, sepeto lilinyamaza. Ardis aliteremsha sauti.

"Mzee, nisikilize vizuri. Nikiandika kwamba akili zako zimepotea, Duane anakwenda kwa jaji na maneno ya benki, na mali yako yote inakuwa chini yake. Nikiandika kwamba akili zako ni timamu na nikaishia hapo, zuio linafunguliwa Ijumaa, na Ijumaa hiyohiyo atakupakia garini akurudishe kule kwenye dirisha la karani."

"Pande zote ni yeye."

"Pande zote ni yeye. Benki inaweza kukufungia akaunti. Haiwezi kukufungulia mdomo."

Mzee aliigawa pakiti ya karata mafungu mawili, akaiunganisha, akaigawa tena. Mlango ukafunguliwa, Duane akaingia na baridi yake, akikung'uta buti.

"Vipi? Amekuambia nini?"

"Ameniambia Milka atarudi na maziwa," alisema Ardis, akasimama.

Akiwa mlangoni alisikia sauti ya mzee nyuma yake, kavu na ya wazi. "Ijumaa njoo benki, Duane. Na mimi nitakuja. Huyu mama anataka kuniuliza mbele ya Merle."

Duane alimtazama baba yake, kisha Ardis.

"Sawa," alisema. "Tutakuja."

*

Ijumaa asubuhi Duane alikuja amenyoa ndevu. Kabla ya kuketi alimvuta Ardis pembeni. Alisema kampuni ni yake, kweli, na ndiye aliyeendesha gari siku ile. Alikuwa amenyamaza kwa sababu watu wa serikali wanafikiri vibaya haraka.

"Na Renae?"

"Renae nilikosea."

"Utamwambia mwenyewe?"

Duane alikwenda kuvuta kiti.

Waliketi wanne katika ofisi ya Haugen. Meneja alikuwa na maswali yake, akayasoma kwa sauti ya kanisani.

"Mzee Ludvik, huu ni mwaka gani?"

Ludvik aliutaja, na tarehe, na siku.

"Mkeo, Milka, yuko wapi?"

"Makaburini, kando ya dada yake ambaye hawakupatana. Na wewe, Merle, ulishika jeneza, ukateleza kwenye barafu, nusura umwangushe."

Haugen aliona haya, akakohoa. Duane alikuwa anamtazama baba yake kwa namna mpya.

"Swali la mwisho. Fedha hizi kwenda kampuni ya Duluth, ni kwa hiari yako?"

Ludvik alivua kofia, akaiweka gotini. Mlango wa ofisi ulikuwa wazi, na nje makarani walikuwa wameacha kuhesabu.

"Baba," alisema Duane taratibu. "Mjibu tu."

"Hapana," alisema Ludvik.

"Hapana nini?"

"Si kwa hiari yangu. Sikutaka siku ile, na leo sitaki. Nilijifanya punguani ili nisikwambie."

Duane aligeuza kiti, akamkabili baba yake. Aliposema, sauti yake haikuwa ya hasira. "Ulijifanya kichaa mbele ya mji mzima ili usiniambie neno moja?"

"Ndiyo."

"Mgodi umenipunguza mara tatu, baba. Mara tatu narudi nyumbani na boksi la vitu vyangu, Maren ananifungulia mlango. Nilitaka kuwa na kitu ambacho hakuna bosi wa kunipokonya. Ningekurudishia."

"Ungeniomba, ningekupa nusu," alisema Ludvik. "Hukuniomba. Ulinitajia mtoto."

Ardis aliona shingo ya Duane ikiwiva. Alidhani atapiga meza, na mkono wake ukajiandaa kwa mazoea ya uaskari. Lakini Duane alisimama tu, akafunga zipu ya koti mpaka kidevuni.

"Jumapili usipike," alisema.

Wakamsikia akipita kati ya makarani. Injini ikawaka. Kupitia dirishani waliona pikapu ikirudi nyuma, mbwa mweusi akiwatazama, mpaka ikakata kona.

Haugen alipanga karatasi zilizokwisha kupangwa. "Fedha zako ziko salama, mzee," alisema.

"Nashukuru, Merle."

"Duane anaweza kushtakiwa," alisema Ardis. "Nikipata maneno yako."

"Umeshayasikia yote niliyonayo." Ludvik alivaa kofia. Alijaribu kuinuka, akashindwa, akajaribu tena. "Wakati wa mgomo mabosi wa mgodi niliwaambia hapana, tukala viazi vitupu miezi mitano, na ilikuwa rahisi kama kutema mate." Alishika ukingo wa meza. "Nani atanirudisha nyumbani?"

"Mimi," alisema Ardis.



*

Wakili wa Duane aliliondoa mwenyewe ombi la usimamizi. Hakuna jaji ambaye angemweka chini ya usimamizi mtu aliyemkumbusha meneja wa benki alivyoteleza mazikoni. Ardis alipiga simu kwa Duane mara kadhaa, mwishowe namba haikupatikana tena. Kwa sheria hakuwa na la kumdai: fedha hazikutoka, na mwenye fedha hakutaka kushtaki.

Alirudi kwa Ludvik mwisho wa mwezi kumalizia kazi. Theluji ilikuwa imenyesha wiki nzima, nyingi, kama ya zamani, na njia ya kuingilia haikuwa imechotwa. Ilikuwa na alama za buti za mtu mmoja tu, ndogo, za kwenda na kurudi. Ndani kulikuwa na harufu ya supu ya maharage. Mzee alikuwa anacheza karata peke yake, anagawa pande mbili, anajihesabia pande mbili.

"Renae amelalamika nimekonda," alisema. "Yeye je? Kaa."

Ardis alikaa. Alimweleza kwamba zuio limeondolewa, akaunti ni yake, hakuna mtu mwingine mwenye mamlaka juu yake. Mzee alisikiliza kwa adabu.

"Wamekuja?" aliuliza Ardis.

"Jumapili ya kwanza nilipika. Unajua mazoea. Ya pili sikupika." Alisogeza kijiti cha upande wa pili, upande usio na mtu. "Nilimwandikia Maren. Barua imerudi. Si vibaya, mwandiko wangu siku hizi mbaya."

Ardis alifunga mkoba wake, akaufungua tena bila sababu.

"Na kwenye ripoti yako," alisema Ludvik, "umeandika nini juu yangu?"

"Huwa ni maneno machache tu."

"Nisomee hayo machache."

"Nimeandika kwamba mhusika amelindwa, na kesi imefungwa."

Ludvik alitafakari, kidole kikiwa juu ya karata. Kisha akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayekubali hesabu ya mwenzake mezani.

"Umeandika kweli tupu," alisema. "Sasa hakuna anayenifikia."